Kumjengea Mwanafunzi Uwezo wa Kutafakari na Kutathmini Uandishi Wake: Mfano wa Insha ya Kiswahili katika Shule za Sekondari Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kufundishwa kutafakari na kutathmini insha zake mwenyewe katika somo la Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kujitathmini si kipaji, wala si zoezi la kujipa alama. Ni stadi inayofundishika iwapo mwanafunzi atavielewa vigezo vya uandishi bora, atalinganisha kazi yake na vigezo hivyo, na atapata nafasi ya kuandika upya. Makala yanabainisha makundi matatu ya kasoro za uandishi kulingana na namna mwandishi anavyoweza kuzitambua: zile zinazotambuliwa kwa sikio, zile zinazohitaji jicho na kamusi, na zile zinazohitaji msomaji mwingine. Aya moja ya insha imechambuliwa kuwa mfano. Aidha, makala yanapendekeza hatua tano za ufundishaji na kujadili changamoto zake, hasa wingi wa wanafunzi, hatari ya kuchanganya tafakuri na alama, na mazingira ya mtihani yasiyoruhusu rasimu ya pili.

1.0 Utangulizi

Katika madarasa mengi ya Kiswahili, safari ya insha huwa fupi. Mwalimu hutoa mada, mwanafunzi huandika, madaftari hukusanywa, kalamu nyekundu hupita, na alama huandikwa mwishoni. Daftari linaporudi, mwanafunzi hutazama alama kwanza. Maoni yaliyoandikwa pambizoni huyapitia haraka au huyaacha kabisa, kwa kuwa insha hiyo imekwisha na inayofuata itakuwa na mada nyingine.

Sababu mojawapo ya hali hii ni mzigo wa usahihishaji. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 50 akitumia dakika 10 tu kwa kila insha atahitaji dakika 1,500, yaani saa 25, kusahihisha zoezi moja. Saa hizo hazimo katika ratiba yake ya vipindi. Kwa hiyo, insha hutolewa kwa nadra, au husahihishwa kwa alama za vema na kosa bila maelezo. Athari ya kwanza ni kwamba mwanafunzi huandika kidogo. Athari ya pili ni nzito zaidi: mwanafunzi huzoea kuamini kuwa hukumu juu ya uandishi wake iko mikononi mwa mtu mwingine. Aingiapo katika chumba cha mtihani, mtu huyo hayupo. Amalizapo shule na kutakiwa kuandika barua ya kuomba kazi, kumbukumbu za mkutano wa kijiji au taarifa ya kikundi cha kuweka na kukopa, mtu huyo hayupo pia.

Somo la Kiswahili lina nafasi ya pekee katika suala hili. Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia masomo mengi, ilhali Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeandika jibu la Historia au Biolojia kwa Kiingereza mara nyingi hana uhakika kama sentensi yake ni sahihi, na kwa hiyo hana msingi wa kuihukumu. Katika insha ya Kiswahili hali ni tofauti. Lugha anayoiandika ameisikia na kuizungumza kwa miaka mingi, hata pale ambapo nyumbani kwao lugha ya kwanza ni Kisukuma, Kihaya au Kimakonde. Ikiwa kuna mahali katika elimu ya sekondari ambapo mwanafunzi anaweza kuanza kujisomea kwa jicho la uhakiki, ni hapo. Nafasi hiyo ikipotea, haipatikani kwa urahisi katika somo jingine.

2.0 Dhana za Msingi

Istilahi tatu zinahitaji kutofautishwa, kwa kuwa aghalabu hutumiwa kana kwamba zina maana moja.

Kusahihisha ni kutafuta na kuondoa makosa. Mwanafunzi anayebadili "alafu" kuwa "halafu" amesahihisha. Kujitathmini ni kupima kazi nzima au sehemu yake kwa kuilinganisha na vigezo vinavyojulikana, na kufikia uamuzi kuhusu ubora wake. Mwanafunzi anayesema kuwa utangulizi wake hautaji suala linalojadiliwa amejitathmini. Kutafakari ni kurudi nyuma na kuchunguza mchakato wenyewe: alichokusudia, uamuzi alioufanya, mahali alipokwama na sababu ya kukwama. Mwanafunzi anayegundua kuwa kila mara huanza kuandika kabla ya kupanga hoja, na kwamba ndiyo maana aya zake hurudiarudia, ametafakari.

Mambo haya matatu hutegemeana. Tafakuri isiyozaa tathmini hubaki kuwa masimulizi ya hisia. Tathmini isiyoongoza kwenye marekebisho hubaki kuwa hukumu tu. Usahihishaji usiotanguliwa na tathmini huishia kwenye tahajia, huku hoja ikibaki na ulemavu wake.

3.0 Misingi ya Kinadharia

Mjadala huu unaegemea mikondo mitatu ya fikra. Mkondo wa kwanza ni ule wa utambuzi juu ya utambuzi, uliopata umaarufu kupitia kazi ya John Flavell ya mwaka 1979. Kwa mujibu wa mkondo huu, mtu hujifunza vizuri zaidi anapoweza kufuatilia fikra zake mwenyewe na kujua ni lini ameelewa na ni lini hajaelewa.

Mkondo wa pili ni ule unaotazama uandishi kama mchakato. Linda Flower na John Hayes (1981) walieleza kuwa mwandishi hupanga, huyageuza mawazo kuwa maandishi, na hupitia alichoandika, lakini si kwa mstari ulionyooka. Mwandishi anaweza kurudi kwenye mpango akiwa katikati ya sentensi. Mwaka mmoja kabla yao, Nancy Sommers (1980) alilinganisha waandishi wanafunzi na waandishi wazoefu nchini Marekani. Alibaini kuwa wanafunzi waliielewa kazi ya kupitia rasimu kuwa ni kubadili maneno, ilhali wazoefu waliielewa kuwa ni kutafuta umbo la hoja yao. Tofauti hii inafahamika kwa kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kumwambia mwanafunzi "ipitie tena insha yako", akarudishiwa insha ileile yenye neno moja lililofutwa.

Mkondo wa tatu ni wa upimaji endelezi. D. Royce Sadler (1989) alitaja masharti matatu ambayo mwanafunzi hana budi kuyatimiza ili aboreshe kazi yake: awe na picha ya kiwango kinachotakiwa, aweze kulinganisha kazi yake na kiwango hicho, na achukue hatua ya kuziba pengo lililopo. Utaratibu wa insha ulioelezwa katika utangulizi haumpi mwanafunzi hata sharti moja kati ya hayo. Kiwango kimo katika mwongozo wa usahihishaji ambao hauoni, ulinganishaji hufanywa na mwalimu, na pengo halizibwi kwa sababu insha haiandikwi upya.

4.0 Sikio, Jicho na Msomaji

Ni kosa kudhani kuwa mwanafunzi anaweza kuhukumu kila kitu katika insha yake, na ni kosa pia kudhani kuwa hawezi kuhukumu chochote. Kasoro za uandishi zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kasoro zinazotambuliwa kwa sikio. Mwanafunzi akiisoma insha yake kwa sauti, hukwama kwenye sentensi iliyorefuka kupita kiasi, husikia neno lililorudiwa mara nne katika aya moja, na hubaini neno alilolisahau wakati wa kuandika. Umilisi wake wa lugha humwongoza hata kama hajui istilahi ya kisarufi inayohusika.

Kundi la pili ni kasoro ambazo sikio huzificha badala ya kuzifichua. Anayetamka "apa" badala ya "hapa" ataandika "apa", na akisoma kwa sauti hatasikia kosa. Baadhi ya lugha za jamii hazitofautishi /l/ na /r/, hivyo "kura" na "kula" zinaweza kubadilishana nafasi bila mwandishi kushtuka. Ndivyo ilivyo kwa "thamani" na "samani", na kwa "haya" na "aya". Katika jozi hizi kamusi pekee haitoshi, kwa kuwa maneno yote yamo ndani yake, na mwandishi hana budi kuangalia maana pia. Utenganishaji wa maneno huingia katika kundi hili: "una leta" na "unaleta" husikika sawa. Hata upatanisho wa kisarufi unaweza kulipita sikio pale ambapo mazungumzo ya mtaani yamezoesha "miti hizo" badala ya "miti hiyo". Kasoro za namna hii zinahitaji jicho, kamusi na orodha hakiki ambayo kila mwanafunzi hujitengenezea kutokana na makosa yake mwenyewe.

Kundi la tatu ni kasoro ambazo mwandishi hawezi kuziona kwa sababu anajua mno alichokusudia. Anaposoma, akili yake hujaza pengo lililoachwa na maandishi. Mfano usiotosha huonekana unatosha, na hoja iliyorukwa huonekana imo. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nusu ya pili ya methali hiyo, kwamba huliona la mwenziwe, ina funzo la ufundishaji ambalo aghalabu hupuuzwa: ni rahisi zaidi kuanza kuliona pengo katika kazi ya mwingine, kisha kurudi na jicho hilo kwenye kazi yako.

Hata hivyo, funzo hilo lina mpaka wake. Justin Kruger na David Dunning (1999) walionesha kuwa watu wenye umilisi mdogo katika stadi fulani hujikadiria juu kuliko walivyo, na kwamba kuona kazi za wengine pekee hakukuwasahihisha makadirio hayo. Katika jaribio jingine la utafiti huohuo, mafunzo ya stadi yenyewe ndiyo yaliyowasaidia kujipima vizuri zaidi. Kwa hiyo, kubadilishana madaftari bila kufundisha vigezo hakutoshi. Mwanafunzi asiyejua kiini cha insha kinavyojengwa hatakiona kikikosekana, iwe kwake au kwa jirani yake.

5.0 Mfano wa Aya Moja

Ili kuonesha jinsi makundi hayo yanavyojitokeza, aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata mwenendo wa kawaida wa insha za wanafunzi. Mada yake ni athari za ukataji wa miti.

"Ukataji wa miti una athari nyingi. Kwanza una leta ukame. Pia mvua hainyeshi. Watu wanakata miti ili wapate mkaa kwa sababu hawana kazi. Serikali ichukue hatua. Vilevile mito inakauka alafu ukame unaleta njaa."

Mwanafunzi anayeambiwa tu "andika tathmini ya kazi yako" huelekea kuandika hivi: "Insha yangu ni nzuri ila ina makosa madogo madogo ya tahajia. Nitajitahidi zaidi." Maneno haya yanaweza kunakiliwa chini ya insha yoyote ile, na hayamwambii mwandishi abadili nini. Si ushahidi wa uvivu. Ni jibu la kawaida kwa swali lisilo na umbo.

Aulizwe badala yake maswali mahususi: Ulitaka msomaji aelewe nini akimaliza aya hii? Ni sentensi ipi inayobeba wazo hilo? Ni sentensi ipi isiyolitumikia? Kuna jambo ulilolisema mara mbili? Kwa maswali hayo, tafakuri inaweza kuwa ya namna hii: "Nilitaka kueleza athari, lakini sentensi ya nne inaeleza sababu na ya tano inatoa pendekezo. Ukame na kutonyesha kwa mvua nimeviandika kama athari mbili ingawa ni jambo moja. Njaa nimeitaja mwishoni bila kuonesha imetokeaje. Sijui kama mfano wa kijiji chetu unahitajika."

Tathmini ya pili ina sifa nne. Inataja mahali mahususi katika matini. Inalinganisha kilichoandikwa na kilichokusudiwa. Inaonesha kosa la mantiki, si la tahajia pekee. Mwisho, inakiri jambo ambalo mwandishi hawezi kuliamua peke yake, na hivyo kumwelekeza mwalimu au mwenzi mahali msaada unapohitajika. Rasimu inayofuata inaweza kusomeka hivi:

"Athari kubwa ya ukataji wa miti ni kupungua kwa maji. Miti inapokwisha kwenye vyanzo, mvua inaponyesha maji hutiririka na kupotea badala ya kuingia ardhini, na mito hukauka mapema. Mito ikikauka, bustani za kiangazi hufa, na familia zilizotegemea bustani hizo hukosa chakula."

Sababu na mapendekezo yamehamishiwa katika aya zake. Tahajia imetengemaa, lakini hilo ndilo badiliko dogo kuliko yote. Kilichobadilika kwa hakika ni kwamba kila sentensi sasa inazaa inayofuata. Badiliko hilo lisingetokana na kalamu nyekundu iliyozungushia "una leta" na "alafu".

6.0 Hatua za Kufundisha

Kutokana na uchambuzi huo, hatua tano zinapendekezwa. Hazina budi kufuatana, kwa kuwa kila moja huiandalia nyingine njia.

Hatua ya kwanza ni mwalimu kuandika mbele ya darasa na kufikiri kwa sauti. Anaandika aya ubaoni, anasita, anafuta, anasema kwa nini amefuta. Mwanafunzi aliyezoea kuona matini yaliyokamilika ndani ya kitabu cha kiada hugundua kuwa hata mwalimu hukosea na kurudi nyuma. Bila hatua hii, kufuta huonekana ni aibu.

Hatua ya pili ni kujenga vigezo kwa pamoja. Wanafunzi husoma insha tatu au nne za viwango tofauti zisizo na majina, huzipanga kuanzia bora hadi dhaifu, kisha hueleza walichotumia kuzipanga. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazochapishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania zinafaa sana hapa, kwa kuwa zina vielelezo vya majibu mazuri na dhaifu. Nchini Kenya, usahihishaji wa insha za mtihani wa KCSE hugawa alama 20 katika viwango vinne, kutoka D hadi A, kwa kutazama mambo kama maudhui, msamiati, mtindo na sarufi. Maelezo ya viwango vya aina hiyo yanaweza kurahisishwa na kuwekwa mikononi mwa wanafunzi. Muhimu ni kwamba kigezo kielezwe kwa mfano. Kusema "msamiati mwafaka" hakumsaidii mwanafunzi mpaka aone sentensi mbili, moja yenye msamiati huo na nyingine isiyo nao.

Hatua ya tatu ni tathmini ya wenzi. Mwanafunzi husoma rasimu ya mwenzake na kujibu maswali mawili au matatu tu, bila kutoa alama. Maswali yaelekezwe kwenye kasoro za kundi la tatu, ambazo mwandishi mwenyewe hawezi kuziona: Ni wapi hukuelewa? Ni wapi ulitaka mfano?

Hatua ya nne ni kujitathmini kunakofuatwa na rasimu ya pili. Mwanafunzi huisoma kazi yake kwa sauti, huipitisha kwenye orodha hakiki yake, hujibu maswali ya tafakuri kwa sentensi tano au sita, kisha huandika upya sehemu aliyoichagua. Si lazima insha nzima iandikwe upya. Aya moja iliyojengwa upya kwa makusudi ina faida kuliko insha nzima iliyonakiliwa kwa hati safi.

Hatua ya tano ni mkoba wa kazi. Rasimu na tafakuri zake huhifadhiwa pamoja kwa muhula mzima. Mwishoni mwanafunzi hulinganisha kazi ya kwanza na ya mwisho, na kutaja kwa ushahidi kilichobadilika na kisichobadilika.

Katika hatua zote, kazi ya mwalimu haipungui thamani bali hubadilika. Badala ya kusahihisha kila mstari, anasoma tathmini ya mwanafunzi kwanza na kuijibu: anakubali, anapinga, au anaonesha kilichopitwa. Mrejesho wa namna hiyo unafundisha uamuzi, na pia unapunguza saa zilizotajwa katika utangulizi, ingawa haukusudiwi kuwa njia ya kumpumzisha mwalimu.

7.0 Changamoto

Changamoto ya kwanza ni alama. Tafakuri ikiingizwa katika alama za upimaji endelevu, mwanafunzi mwenye busara ataandika kile anachodhani mwalimu anataka kusoma. Ataficha udhaifu, au atajitungia udhaifu mdogo ili aonekane mnyenyekevu. Inapendekezwa kuwa tathmini binafsi isipewe alama. Kinachoweza kupewa alama ni rasimu ya pili.

Changamoto ya pili ni ya adabu. Mwanafunzi aliyelelewa kuona kujisifu ni kiburi hupata taabu kusema kuwa sehemu fulani ya kazi yake ni nzuri, na aliyelelewa kutomkosoa mwenzake hadharani huandika "nzuri sana" kwenye kila rasimu. Suluhisho ni kuielekeza lugha ya tathmini kwenye matini. Kusema "aya hii inafikisha hoja" si kujisifu, na kusema "hapa sikuelewa" si kumvunjia mtu heshima.

Changamoto ya tatu ni mtihani. Mtahiniwa hana nafasi ya rasimu mbili, na mwalimu anaweza kuuliza faida ya kumzoesha mwanafunzi utaratibu usiokuwapo huko. Jibu ni kwamba mtihani humwachia mtahiniwa dakika chache za kupanga na chache za kupitia, na dakika hizo huwa na tija kwa yule tu aliyejua la kutazama. Mwanafunzi anayejua kuwa huchanganya sababu na athari, na kuwa hutenganisha viambishi vya njeo na mzizi, ana mambo mawili ya kukagua. Asiyejijua huisoma insha yake kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuikabidhi kama ilivyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa uwezo wa mwanafunzi kutafakari na kutathmini uandishi wake hutegemea mambo matatu: vigezo vilivyofundishwa waziwazi, maswali mahususi yanayomrejesha kwenye matini, na nafasi halisi ya kuandika upya. Imeoneshwa pia kuwa si kila kasoro inatambulika kwa njia moja. Sikio linatosha kwa baadhi, jicho na kamusi vinahitajika kwa nyingine, na zilizobaki humhitaji msomaji wa pili. Mgawanyo huu unamsaidia mwalimu kutomdai mwanafunzi asichokiweza, na kutomfanyia anachokiweza. Inapendekezwa kuwa tafiti zaidi zifanyike madarasani ili kuchunguza ni aina zipi za maswali ya tafakuri zinazoleta mabadiliko katika rasimu ya pili, na kama uwezo uliojengwa katika insha ya Kiswahili huhamia katika uandishi wa masomo mengine yanayofundishwa kwa Kiingereza.